Wachuuzi wa Kanda za Mwaka 1990

Kila Saba Saba inapokaribia, siku ya kukumbuka maandamano ya Julai 7, 1990 ya kudai vyama vingi nchini Kenya, tunawakumbuka wanasiasa Kenneth Matiba na Charles Rubia, na ni haki yao, kwa maana mnamo Mei 1990 walijitokeza hadharani kudai vyama vingi ilhali KANU ilikuwa chama pekee kisheria tangu 1982. Mwaka huu nimekuwa nikiwawaza zaidi wachuuzi wa kanda za muziki.

Redio wakati huo ilikuwa KBC, sauti ya serikali. Capital FM, kituo cha binafsi, ilianza baadaye, mwaka 1996. Watu waliogopa kutaja siasa hata matangani. Kisha, baada ya vibanda vya Muoroto jijini Nairobi kubomolewa mwishoni mwa mwezi huohuo wa Mei, zikaanza kuuzwa mitaani nyimbo za Kikuyu zilizosimulia ubomoaji ule na masaibu ya Matiba.

Mjomba wangu, ambaye alikuwa makanga, amenieleza jinsi kanda hizo zilivyosambaa. Mtu mwenye redio ya kaseti mbili alinakili moja juu ya nyingine, mara nyingi akifuta mahubiri ya zamani, kisha akaiuza bila jina wala picha kwenye kasha. Ndani ya matatu, dereva aliicheza barabara ilipokuwa shwari, na kizuizi cha polisi kilipoonekana mbele akaichomoa na kuweka kwaya ya kanisa. Abiria walijua kwa nini wimbo umebadilika, na hakuna aliyesema neno. Kimya hicho ndicho kinachonigusa kuliko nyimbo zenyewe, kwa sababu kila aliyeketi pale alitambua kwamba jirani yake amesikia alichosikia yeye, wala hakuomba kushuka. Mtu aliyedhani kwamba manung'uniko yake ni ya peke yake alifika mwisho wa safari akijua kuwa ana wenzake.

Sidhani jambo hilo lingewezekana katika biashara rasmi. Mwenye duka kubwa ana leseni, na leseni hufutwa. Matatu, kwa upande wao, zilikuwa zimekua pembeni mwa mfumo huo tangu Jomo Kenyatta aliporuhusu mwaka 1973 zibebe abiria bila leseni za uchukuzi. Mchuuzi naye hakuhitaji kuwa mwanaharakati. Alihitaji kuuza, na kwa kuwa watu walikuwa na kiu ya wimbo ule, faida yake ndogo iliubeba hadi mahali ambapo hakuna mwanasiasa angeruhusiwa kuhutubia. Hata hivyo alihatarisha mengi: katikati ya mwaka huo polisi waliwakamata wachuuzi na kuzinyakua kanda zao.

Ni lazima niseme pia kwamba lugha ya nyimbo zile iliwaunganisha baadhi ya abiria na kuwaacha wengine nje, na katika nchi yetu hilo si dogo. Wazo linalopitia njia za panya halichujwi na mtu yeyote, liwe jema au baya.

Kifungu cha 2A cha katiba, kilichoifanya KANU chama pekee, kilifutwa Desemba 1991. Waliokamatwa kwa ajili ya kanda, kama bado wako hai, sasa ni wazee. Nimemwomba mjomba anipeleke kwa wale anaowafahamu, niandike majina ya nyimbo, bei, na vichochoro walimouzia, kabla hawajatutoka.