Adwa juu ya mlango wa zamani

Juzi saa mbili usiku umeme ulikatika katikati ya mchezo, nikawasha tochi ya telefone nikaendelea, juu singeweza kulala na kuacha jenerali Albertone pekee yake kule kwenye mlima bila kujua kama ataenda mbele ao atarudi. Na mwenye kuamua haiko mimi, ni dadu.

Nieleze kwa wale hawajui. Mimi nacheza vita za miaka ya 1800 na askari wadogo, urefu wa kama sentimita 2, na nacheza pekee yangu juu hapa Goma sijapata mtu mwingine mwenye hii hamu. Meza ni mlango wa zamani niliolaza juu ya viti viwili. Milima haijanisumbua hata siku moja, mawe ya volkano iko kila fasi, naokota tu mbele ya parseli, na ile matundu yake inasaidia sana, unaingiza mguu wa askari mule anasimama imara hata mtu akigonga meza. Shangazi alipokuja toka Bruxelles aliniletea boksi moja ya Waingereza wa plastiki wenye kofia ngumu za jua, nikawapaka rangi upya wakakuwa Waitaliano. Waethiopia nilichora mwenyewe kwenye karatasi, nikapiga fotokopi, nikabandika kwenye kartoni. Ilinichukua miezi tatu.

Vita yangu kubwa ni Adwa, kaskazini ya Ethiopia, 1 Machi 1896, Waitaliano waliokuja kuvamia nchi na jeshi la Ethiopia. Waitaliano walikuwa kama 17,700, pamoja na askari wa Eritrea waliopigana upande wao, na mizinga 56. Menelik, mfalme wa Ethiopia, alikuwa na watu kama 100,000. Kwangu askari mmoja ni watu 500 na mzinga mmoja ni mizinga 8, njo maana Waitaliano wangu ni 35 tu na mizinga 7, na mbele yao Waethiopia 200 wa karatasi, ukiwapanga wote unaona mlango umejaa.

Mtoto wa dada yangu aliniuliza, "Mujomba, sasa unapigana na nani?" Swali zuri sana, hapo ndipo kazi yote ya kucheza pekee yako iko. Ukijua siri za pande zote mbili utajikuta unasaidia mmoja, hata kama hutaki. Kwa hiyo mimi nashika Waethiopia, Waitaliano nawaachia karata na dadu. Kila brigedi yao, ni kusema kikosi kikubwa, ni kipande cha karatasi kilichofunikwa, na nachanganya na vingine ambavyo ndani hakuna kitu, kwa hiyo mimi mwenyewe sijui nani yuko wapi mpaka watu wangu wafike karibu. Karata nyekundu wanatembea wao, nyeusi natembea mimi, jokeri ikitoka saa imeisha.

Usiku wa 29 Februari ndio napenda kuliko yote. Baratieri, mkuu wa jeshi la Waitaliano, alituma brigedi tatu gizani, Dabormida kulia, Arimondi katikati, Albertone kushoto, na Ellena nyuma yao. Ramani yao ilikuwa mbaya, mlima ulioandikwa Kidane Meret haukuwa Kidane Meret wenyewe, Albertone alifika pale alipoambiwa, mwongoza njia akamwambia mlima wa jina hilo uko kilometa kadhaa mbele, naye akaenda, akaacha wenzake mbali, kulipokucha akajikuta pekee yake mbele ya jeshi la Menelik. Kwenye mezani nimeweka hivi: kila saa ya usiku kila brigedi inarusha dadu, ikitoka 1 inapotea upana wa kiganja. Nimecheza mara tano, Albertone amepotea mara mbili, na mara zote mbili Waitaliano waliisha kama walivyoisha kweli, kila brigedi imepigwa pekee yake kabla wenzake hawajafika. Arimondi na Dabormida walikufa siku ile, Albertone akashikwa.

Lakini ile mara ya tatu, ambapo hakuna aliyepotea, njo ilinifundisha. Walifika wote, wakapanga mizinga juu ya mawe, na mimi nikaona kupanda kule ni kuua watu wangu bure, nikakaa. Wao wakakaa. Nikajiuliza, sasa kwa nini Menelik na Baratieri hawakukaa hivi tu? Jibu ni chakula. Baratieri alibaki na chakula cha siku chache tu, na kule Roma Crispi, waziri mkuu wa Italia, alikuwa anamsukuma kwa telegramu, na Menelik naye watu 100,000 walikuwa wameshamaliza chakula cha eneo lile, alikuwa anafikiria kuondoka. Tangu siku ile naweka punje za mahindi pembeni ya mlango, kila siku inayopita kila upande unatoa moja. Mchezo ulibadilika kabisa bana! Sasa nahesabu punje kabla ya kuhesabu bunduki. Mtu wa Goma hahitaji kufundishwa hii, barabara ya Rutshuru ikifungwa kila mama sokoni anajua bei ya viazi kesho itakuwa namna gani, lakini mimi nilikuwa nasoma vita kama vile askari hawali.

Mama jirani aliniona siku moja akasema, "Baba Neema, vita tuko nayo hapa, ingine unaitafutia nini?" Nilimjibu kwa heshima juu swali lake ni la haki. Nilimwambia vita ya hapa sijawahi kuiweka kwenye ule mlango na sitaiweka, waliokufa humu tunajua majina yao, tumekula nao. Hakunijibu, lakini alikaa akaangalia, akauliza yule mwanamke wa karatasi ni nani.

Ni Taytu, mke wa Menelik. Yeye alikuwa Adwa na watu wake mwenyewe, na mbele ya hapo, Januari 1896, Waitaliano walipojifungia ndani ya ngome kule Mekele, mji wa Ethiopia, anasifiwa kuwa ndiye alitoa wazo la kuwakatia maji. Ngome ilijisalimisha. Mama jirani, mwenye kubeba bidoni kila asubuhi, alicheka akasema huyo alikuwa na akili.

Kwa hiyo Mekele ndiyo ninayoanza wiki hii. Kuta naziinua na mawe yale yale, punje za mahindi zinabaki za chakula, na kwa maji natafuta shanga za buluu.