Unasubiri kuanza chuo cha unesi? Achana na kukariri dikshonari

Kila mwaka matokeo ya form four yakitoka Januari simu yangu inaanza kuita, wadogo zangu na wadogo wa marafiki zangu, huyu yuko Buhongwa, yule Sengerema, mwingine Ukerewe huko, swali lao ni lile lile: dada, vyuo hadi vifunguliwe ni Septemba Oktoba huko, mi nipo tu nyumbani naosha vyombo, nianze kukariri maneno ya kidaktari nisije nikaumbuka? Na wengi unakuta wameshatumiwa PDF nene kama Biblia kwenye WhatsApp, wameanza herufi A, wamefika katikati ya A wamechoka.

Kidogo soma. Dikshonari nzima hapana, usijitese.

Yale maneno marefu yanatisha kwa macho tu ila yameungwa vipande vipande vya Kigiriki na Kilatini, na vipande vyenyewe vinajirudia. Sisi wa huku Ziwa Victoria tuna mfano wetu kabisa, kichocho. Kile cha kwenye ziwa letu ni cha matumbo, unakipata kwa kuingia kwenye maji yenye konokono wanaobeba vijidudu vyake, na kikikaa mwilini miaka bila dawa kinaharibu ini, wengu nao unavimba. Daktari akimshika mtu wa hivyo tumbo anaandika kwenye faili hepatosplenomegali. Sasa ikate: hepato ini, spleno wengu, megali kuvimba au kuwa kubwa kupita kiasi. Basi, hakuna uchawi hapo. Mgonjwa huyo huyo akifika hatua ya kutapika damu wanaandika hematemesisi, hema damu, emesisi kutapika. Ukishajua hepato hutashangaa hepatitis, maana -itis ni uvimbe wa kuungua kule ndani, gastritis ni tumbo, tonsilitis ni mafindofindo. Ukikuta neno linaishia na -ektomi jua kuna kitu kimekatwa kikatolewa. Taki ni mbio, bradi ni polepole, kwa hiyo moyo wa mtu mzima aliyetulia ukipiga zaidi ya 100 kwa dakika ni takikadia, chini ya 60 ni bradikadia.

Halafu haipa (hyper) na haipo (hypo), hizi ndo watu wanazichanganya hadi mwaka wa tatu na zinaua, maana sukari ikipanda na sukari ikishuka matibabu yake ni mbingu na ardhi. Mi nawaambia madogo, haipo si ipo kwenye Kiswahili tayari? Sukari haipo, imeshuka. Haipa ni ile nyingine, imepanda. Hutasahau tena.

Vipande vya namna hiyo andika kwenye daftari, vichache kwa wiki, inatosha kabisa. Vingine utakutana navyo darasani mkianza kusoma mwili, mnasoma moyo na maneno ya moyo yanakuja, mnasoma figo na maneno ya figo yanakuja, na pale yanakaa kichwani kwa sababu unajua yanakaa wapi mwilini. Kukariri neno ambalo hujui hata kiungo chake kiko upande gani ni kazi bure.

Ila sasa niseme ambacho watu hawapendi kusikia. Kinachowaangusha mwaka wa kwanza sio Kigiriki wala Kilatini, ni Kiingereza cha kawaida. Wengi tumetoka shule za kata, Biology tulipata C yetu safi kwa kukariri, ila ukipewa mgonjwa ukaambiwa umwandikie kea plani, yaani mpango wa kumuuguza, unatakiwa uandike tatizo lake, limesababishwa na nini, umelijuaje, utafanya nini na kwa nini, halafu baadaye uangalie imesaidia au la. Hapo unakutana na "impaired", "related to", "as evidenced by", "rationale", na kwenye dikshonari yako ya kidaktari hayapo. Mtu anajua hematemesisi ni nini lakini hawezi kuandika sentensi mbili kusema mgonjwa anapumua kwa shida tangu usiku. Ripoti ya kubadilishana zamu unaiandikaje hapo? Kwa hiyo ule muda wa PDF, nusu yake soma kitu chochote cha Kiingereza kila siku na uandike aya moja kwa maneno yako, hata kama ni kuelezea mama alivyopika dagaa.

Vifupisho navyo vipitie, ni vichache na wodini vinatumika kutwa nzima. BD ni mara mbili kwa siku, TDS ni mara tatu, ile ile 1x3 ya kwenye bahasha ya dawa ambayo hata bibi yako anaielewa, PRN ni pale mgonjwa anapohitaji, stat ni sasa hivi sio ukimaliza chai.

Na kuna lugha nyingine haimo kwenye PDF yoyote. Mgonjwa hatakuja kukwambia ana takikadia, atakwambia moyo unamwenda mbio, au mwili hauna nguvu, au tumbo linanguruma, na wazee kutoka vijijini wengine Kiswahili chenyewe kinawapa shida, wanataka Kisukuma. Wewe ndo unakaa katikati ya yeye na daktari. Kama unakijua usikionee aibu, kama hukijui anza hata na mwangaluka, ile salamu yao ya asubuhi, utaona mzee anavyofunguka mpaka ya juzi aliyokuwa anamficha daktari. Ukienda kumsalimia mgonjwa hospitali za hapa Mwanza, Sekou Toure au Bugando, tega sikio watu wanavyoelezea maumivu yao (sio umbea, ni kujifunza, usiwaangalie tu kwa macho makavu).

Sasa kwenye hela. Usinunue kitabu cha istilahi kipya kwa bei ya ajabu, vyuo vina maktaba na waliotangulia watakuuzia vyao kwa nusu bei. Hela hiyo nunua saa yenye mshale wa sekunde, hata ya mtumba pale sokoni, maana kuhesabu mapigo ya mtu kwa simu wodini masista hawatakuelewa.