Data ya gari la rali: anza injini ikiwa imezimwa

Washa swichi, injini usiiwashe. Fungua programu ya kurekodi data kwenye laptop, uangalie sensa ya presha ya manifoldi (njia ya hewa inayoingia kwenye injini) inasema nini. Hapa Mwanza tuko kama mita 1,140 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo inatakiwa isome karibu kilopaskali 88. Ikisoma 101, ambayo ni presha ya usawa wa bahari, ama sensa si yake, ama programu imewekewa vipimo vya sensa nyingine. Rekebisha hapo kwanza, la sivyo presha ya turbo utakayoisoma baadaye yote ni ya uongo.

Kosa la wengi ni kuweka tiki kwenye kila kipimo cha kurekodi. Kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya Subaru Impreza nyingi za zamani huzungumza na laptop kwa kasi ya biti 4,800 tu kwa sekunde. Ukichagua vipimo 20 ndani ya RomRaider, programu ya bure, utapata data kama mara tatu au nne kwa sekunde. Injini ikiwa kwenye mizunguko 6,000 kwa dakika, hiyo ni mizunguko 25 au zaidi ambayo hukuona kitu, na injini kugonga (mafuta kulipuka vibaya ndani ya silinda) hakusubiri. Chagua vitano: mizunguko, kanyagio la mafuta, presha ya manifoldi, taimingi ya cheche inayorudishwa nyuma injini ikigonga, na muda wa nozeli ya mafuta kufunguka. Joto la maji halibadiliki haraka. Liangalie kwenye geji.

Sensa ya lambda ya masafa mapana, inayokaa kwenye ekzosi kupima uwiano wa hewa na mafuta, nayo ina mtego wake. Baadhi hutoa volti 0 mpaka 5 kwa mchanganyiko wa hewa na mafuta wa 10 mpaka 20, yaani volti moja ni sawa na pointi mbili. Ukifunga hasi yake kwenye bodi la gari badala ya hasi ya kinasa data, volti 0.1 ikipotea njiani umeshakosea kwa 0.2. Ekzosi ikivuja kabla ya sensa, hewa huingia na utaambiwa mafuta ni machache wakati yanatosha. Fundi anaongeza mafuta, gari linazidi kuwa zito.

Kupima, tumia barabara iliyofungwa: gia ya tatu, kanyaga mpaka mwisho kutoka 2,500 hadi 6,500, nenda na urudi njia ileile, maana mchana upepo wa ziwani hudanganya. Linganisha sekunde za kutoka 3,000 hadi 6,000.

Sasa soma. Tuseme mchanganyiko unaanza 11.3, mizunguko ikipita 5,500 unapanda hadi 12.8, yaani mafuta yanapungua. Usikimbilie kuongeza namba za mafuta kwenye kontroli boksi. Kwenye mizunguko 6,000 nozeli ina milisekunde 20 tu kwa kila mzunguko kamili wa kazi, yaani injini ikizunguka mara mbili; ikiwa imefunguka 17, hiyo ni asilimia 85, imekaribia mwisho. Kama iko 12 tu na mafuta bado yanapungua, kagua pampu na chujio la mafuta. Pima presha ya reli, bomba linalogawa mafuta kwa nozeli.

Vumbi letu pia huchafua sensa ya hewa, hasa chujio la hewa likipakwa oili kupita kiasi.

Kila faili liandike tarehe, saa, joto la hewa na kituo ulichojaza mafuta.