Kisiwa Nilichokifikia kwa Baiskeli

Kutoka stesheni ya Kampen niliendesha baiskeli ya kukodi zaidi ya saa moja, upepo ukinipiga usoni njia nzima. Uholanzi haina milima, ila upepo wake unakutoa jasho vilevile. Kushoto na kulia ni mashamba ya viazi na vitunguu, yamenyooka kama yaliyopigwa rula. Kisha mbele, katikati ya mashamba hayo, ukatokea mwinuko wenye miti na kanisa dogo. Ndiyo Schokland.

Nimekulia Pangani, kwangu mimi kisiwa ni mahali pa kuvuka kwa chombo. Hapa nilishuka baiskeli, nikapanda ngazi chache, nikawa nimefika.

Kijiji cha Middelbuurt kimekaa juu ya kilima cha udongo uliorundikwa na wakazi wenyewe ili bahari isiwafikie, kikazungushiwa ukuta wa magogo. Nyumba zilibanana kwa sababu hapakuwa na pengine pa kujenga. Kaskazini, Emmeloord, waliishi Wakatoliki. Huku kusini, Waprotestanti. Kisiwa chembamba namna hii, na bado watu walipata nafasi ya kutengana!

Bahari ya Zuiderzee ilikimega mwaka hadi mwaka. Dhoruba ya Februari 1825 iliua watu 13 na kubomoa nyumba nyingi. Kanisa nililoliona lilijengwa 1834, kana kwamba watu bado walitumaini kubaki. Lakini umaskini uliwazidi, na kulinda kisiwa kuligharimu serikali mno. Mwaka 1859 Mfalme Willem III akaamuru kihamwe. Watu kama 650 walibomoa nyumba zao, wakachukua mbao, wakaenda Kampen, Vollenhove na Volendam. Hizo mbao ndizo zilizonikaa moyoni. Mtu anaondoka na nyumba yake mgongoni, lakini kisima na makaburi anaviacha.

Kisha ikaja zamu ya bahari. Mwaka 1932 Waholanzi walilifunga lango lake kwa tuta refu la Afsluitdijk, na mwaka 1942 sehemu hii ikakauka ikawa shamba. Mji na kijiji vilivyojengwa kwenye ardhi hiyo mpya vikapewa majina ya zamani ya kisiwani: Emmeloord na Ens. Schokland yenyewe iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1995, ya kwanza Uholanzi.

Nilishuka hadi pale mawimbi yalipokuwa yakipiga. Magogo yapo, yamesimama wima, yanakinga nyasi. Kondoo mmoja alikuwa akijikuna kwenye gogo.

Mama akapiga simu kutoka nyumbani.

"Umevuka salama, mwanangu? Bahari haikuchafuka?"

"Mama, bahari haipo. Wameihamisha."

Akanyamaza kidogo. "Na samaki je?"

Nikatazama viazi, nikakosa la kumjibu.