Hesabu nyuma ya barua

Nimetoka mahakama ya Milimani, Nairobi, sasa hivi. Joho bado liko mkononi.

Wiki mbili zilizopita mama mmoja muuza sukuma alikuja ofisini. Nyumba yao ilibomolewa usiku, bila notisi, na majirani wakaambiwa zamu yao inakuja.
Alikuwa na kurasa mbili za daftari, ameandika kwa kalamu yote yaliyotokea.

"Wakili, hii si kitu, ama?"

Ni kitu, mama.
Ibara ya 22 ya Katiba ya 2010 inamruhusu yeyote kwenda mahakamani haki zake zikivunjwa. Kufungua kesi hiyo hakuna ada, na inapobidi mahakama hupokea hata barua ya kawaida. Wengi hawajaambiwa hili, na linaniuma sana.

Nilikuwa nimejiandaa kwa uamuzi wa Mahakama ya Juu wa 2021 kuhusu waliofurushwa kijiji cha Mitumba, karibu na uwanja wa ndege wa Wilson. Leo nikausoma mbele ya jaji.

Lakini yeye alikuwa ameigeuza barua ya mama, zile kurasa za daftari. Nyuma kulikuwa na hesabu za kuzidisha, kwa penseli.

"Hizi ni za nani?"

"Za kijana wangu, Mheshimiwa. Hilo daftari ndilo tulilookoa."

Kimya.
Sijawahi kusikia chumba kile kikinyamaza hivyo.

Amri ya muda imetolewa: ubomoaji usimame hadi kesi isikizwe.

Mliowahi kufurushwa, usiku ule mliokoa nini? Niandikieni hapa. Nitasoma zote.