Nilivyoacha Kusahihisha Miswada ya Wenzangu Kama Insha za Darasa la Nane

Nilikuwa nimesahihisha insha za darasa la nane kwa miaka kumi na saba, katika shule moja ya mashariki mwa Nairobi, wakati kijana mmoja auzaye vipuri vya magari kule Grogan aliponiomba nimsomee mswada wa riwaya yake, nami nikaona kwamba kazi hiyo nimeimaliza kabla ya kuianza. Nilinunua kalamu mbili nyekundu. Wiki moja baadaye kurasa zake 112 zilikuwa zimewiva kama nyanya: nilikuwa nimepigia mstari kila kosa la hijai na kila nukta iliyosahauliwa, na pambizoni nikamwandikia methali ambazo niliona zingeipamba kazi, kwa kuwa ndivyo tulivyowazoeza watoto wetu kuamini, kwamba insha isiyo na methali ni ugali usio na mboga.

Katika sura ya tatu palikuwa na makanga aliyening'inia mlangoni mwa matatu akipaza sauti, "Beba, beba! Mmoja wa mwisho!" Maneno hayo niliyakata, na juu yake nikaandika kwa mwandiko mzuri kabisa: "Karibuni garini, abiria wapendwa, imesalia nafasi moja pekee." Sikucheka wakati huo. Nilijipongeza.

Kisha, chini ya ukurasa wa mwisho, nikaandika 27/40 na kuizungushia duara. Mtihani wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi nchini Kenya, ambao insha yake ilikuwa ikitolewa alama 40, ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, lakini mkono wangu ulikuwa bado haujapata habari hiyo.

Tulikutana Jumamosi katika bustani ya Jeevanjee. Kijana aliufunua mswada wake polepole, ukurasa baada ya ukurasa, bila kusema neno, akafika kwenye lile duara, akalitazama kwa muda, halafu akaniuliza kwa heshima zote, "Mwalimu, na aliyeongoza darasa amepata ngapi?" Miezi minne ikapita kabla hajaandika tena, na hesabu hiyo ninaijua kwa sababu yeye mwenyewe hachoki kunikumbusha.

Nilipomsimulia mkasa huo mtu mmoja aliyejiita mzoefu, alinishauri nifiche kila kasoro katikati ya sifa mbili, kama vile mama anavyomfichia mtoto kidonge ndani ya ndizi. Nilimjaribia muuguzi mmoja aliyekuwa ameandika hadithi fupi ya kurasa kumi na mbili. Nilisifu mwanzo, nikagusia kwa mbali kwamba katikati panazorota, nikasifu mwisho. Alinishukuru sana, akaenda kuiwasilisha kwenye shindano siku ya pili yake bila kubadilisha hata herufi moja. Ndizi ililiwa, kidonge kikatemwa, na mpaka leo ushauri ule unaniudhi, kwa kuwa unamchukulia mtu mzima kama asiyeweza kubeba neno lililo wazi.

Njia ninayoitumia sasa niliipata katika msongamano wa magari. Siku tatu kwa wiki hutoka Donholm kwenda mjini kwa Jogoo Road, safari ambayo mvua ikinyesha huweza kumeza saa nzima na ushei, na hapo ndipo nilipokuwa nikiisoma hadithi ya pili ya yule muuguzi. Karibu na City Stadium niligundua kwamba sikuwa nikisoma tena. Nilikuwa nikimtazama mtu aliyesukuma mkokoteni wa mitungi ya maji. Nikarudi kwenye ukurasa, nikatafuta sentensi ya mwisho niliyoikumbuka, na kando yake nikachora kwa penseli mraba mdogo, yaani kidirisha. Nilipofika mjini vidirisha vilikuwa tisa.

Lazima niongeze hapa kwamba matatu ina fujo zake, na si haki mwandishi alipie makosa ya mwuza njugu au ya askari aliyesimamisha gari. Pale ninapokatizwa na kelele za nje, mraba huo huutia alama ya X ndani, nao hauhesabiwi. Mraba mtupu ndio wenye habari.

Nilimwambia yule muuguzi, "Sista, hapa nilitazama nje."

"Ulitazama nini, Mwalimu?"

Nikamweleza kuhusu mkokoteni. Aliusoma ukurasa wake kimyakimya, akaweka kikombe chini, akaanza kucheka. "Mgonjwa anamngoja mlangoni," alisema, "na mimi nahesabu viti vya sebuleni!" Sikuwa nimetaja kosa lolote. Nilikuwa nimemwonyesha mahali tu, na sababu akaiona mwenyewe, kisha akaondoa aya tatu ambazo ningalimwambia mimi azitoe, angalizitetea hadi jioni.

Vidirisha havitoshi, bila shaka. Msimulizi wa yule kijana, anayesimulia kwa nafsi ya kwanza, alifungiwa stoo sura nzima, na bado akatueleza kwamba mwenye duka huko nje alitabasamu kwa dharau. Zamani ningeandika "nafsi imevurugika". Safari hii niliandika, "Alimwonaje?" naye akatoboa mlango tundu la kufuli, ambalo baadaye likaja kuwa ndilo linalofichua mwizi. Mahali pengine mhusika wake aliamka, akanawa, akavaa, akanywa chai, akafunga mlango, akashuka ngazi. Nilizungushia zile "-ka-" zote penseli bila maelezo, na akabakiza ya ngazi peke yake. Hijai siku hizi siigusi mpaka rasimu ya mwisho, kwa kuwa ni upuuzi kupiga pasi nguo ambayo fundi bado anaikata.

Gharama yenyewe si ya kutisha. Kuchapa nakala River Road ni shilingi chache kwa ukurasa, kutegemea duka na pengine jinsi ulivyovaa, na chai ninaiagiza mimi, kwa sababu mtu asiambiwe ukweli kwa pesa zake mwenyewe.

Mwezi uliopita, nikiwa nimejaa majivuno, nilimpa yule kijana hadithi yangu mwenyewe, ya kurasa nane, inayoanza alfajiri jogoo wakiwika. Aliisoma dukani, nyuma ya kaunta, akanirejeshea ikiwa na alama za mafuta ya injini. Kidirisha cha kwanza kilikuwa kwenye sentensi ya pili. Nilimwambia kwamba huenda mteja aliingia wakati huo, na kwamba alisahau kutia X.

"La, Mwalimu," akasema. "Siku hiyo hakuingia mteja hata mmoja."