Nahodha mlangoni

Mwaka 1996, nilipomaliza kidato cha nne, nilikuwa nashinda kwenye studio ya mjomba wangu Kariakoo, Mtaa wa Swahili. Kazi yetu kubwa ilikuwa pasipoti saizi: za shule, za ajira, za leseni. Kaa wima, masikio yaonekane, usicheke. Nilipokuwa nazikata kwa mkasi, niliona kama nakata uso mmoja uleule tangu asubuhi.

Alasiri moja akaingia nahodha wa mashua kutoka Feri, mtu mzima mwenye ndevu za mvi. Alihitaji picha nne. Akavua kofia, akakaa mbele ya pazia, flashi ikamulika, basi. Akavaa tena kofia yake ya viua, akavuta kigoda mpaka mlangoni asubiri jua lipungue, na mjomba akamuuliza habari za kusi.

Hapo uso ukabadilika. Macho yakabana, nyusi moja ikapanda, mkono ukaanza kuonyesha mawimbi yanavyokuja kwa ubavuni. Akageuza shingo kuelekea baharini, ingawa pale Kariakoo unaona maduka tu. Nilikuwa nimemkagua mtu huyu dakika chache nyuma, nikamwekea kidevu sawa kwa mkono wangu, lakini ndiyo kwanza namwona.

Mjomba hakumwambia akae vizuri. Alichukua kipimo cha mwanga, akakisogeza karibu kabisa na shavu la mzee. Nikamuuliza kwa nini asipimie pale aliposimama.

“Mashine haijui kama huyu ni mtu,” akanijibu. “Ikiona kofia nyeupe itadhani mwanga ni mwingi, itamtia giza usoni. Wewe pima ngozi, kofia itajijua.”

Flashi akaiacha mezani, kwa sababu mzee alikuwa na jasho na paji lingeng'aa vibaya. Mwanga wa mlangoni ulimpiga upande, laini, ukaacha nukta ndogo nyeupe ndani ya kila jicho. Akafunga lenzi ndefu, akarudi nyuma hatua kadhaa. Ukimsogelea mtu mno, pua huvimba na masikio hukimbilia nyuma.

“Enhe, nahodha, Mafia mkafika usiku?”

Mzee akafungua mdomo kujibu, mjomba akabonyeza. Mara moja tu.

Tulisafisha usiku uleule. Chini ya taa nyekundu karatasi ilielea kwenye dawa, tupu. Zikatangulia mboni, zikafuata nyusi na mikunjo ya kando ya macho, kisha mashavu yakajaa. Ndevu zilichelewa. Kofia ilikuwa ya mwisho kabisa, viua vyake vikijitokeza kimoja kimoja, mjomba akisema “bado, bado,” mpaka akaitoa.

Miaka mingi baadaye niliziona picha za Seydou Keïta, mpiga picha wa Mali aliyefungua studio Bamako mwaka 1948, akatumia mwanga wa jua na mara nyingi kumpiga mteja picha moja tu. Nilikaa nazo muda mrefu sana. Nyuso zile zina heshima yao wenyewe, hazikuazimwa na mpiga picha, na mimi nilishaijua heshima hiyo kutoka mlangoni kwetu. Mandhari nzuri naipenda, lakini naipita. Uso wa mtu siupiti.

Nahodha alirudi na mkewe. Mama akazitazama zile nne ndogo, akazirudisha kwenye bahasha. Mjomba akamwekea ile kubwa mezani.

“Ehee! Huyu ndiye baba watoto,” akasema. “Na hapa anaongeza chumvi. Namjua akiinua nyusi hii.”

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mjomba akaomba ruhusa aitundike nakala dirishani, ivutie wateja.

“Dirishani? Kila apitaye amtazame mume wangu?” Mama akaikunjia picha ndani ya kanga, akauliza bei, akalipa bila kuomba punguzo. Kisha akaagiza nyingine ya kumpelekea mama mkwe wake, Kilwa, na akataka hiyo iwe kubwa zaidi.